Mjusi Wetu Ana Jina la Marekani

Msomaji mwenzangu, kabla hatujafika mbali naomba nikiri jambo moja, ili kama ni kunicheka unicheke mapema tumalizane. Mimi ni mtu mzima. Nimemaliza kidato cha nne, ndevu ninazo, kodi ya chumba nalipa mwenyewe kila mwezi kwa taabu zangu. Na chini ya kitanda changu hapa Karatu nina boksi la viatu lililojaa dinosaria wa plastiki. Wapo 17.

Wengi wao wametoka mnadani. Siku ya mnada wauza mitumba wakifungua robota, chini kabisa, katikati ya soksi zisizo na wenzake, hutokea vikorokoro vya watoto wa Ulaya: gari lisilo na tairi, mdoli asiye na nywele, na ukibahatika, dinosaria. Muuzaji hajui hata anauza nini. Anakwambia, "Chukua hilo joka, mia tano." Wengine ni wale wa pakiti kutoka China, wanaouzwa dukani pamoja na mabomu ya maji na vipensili. Hao wana rangi ya kijani kama dawa ya mswaki na miguu haisimami. Lakini nao ni wangu.

Mjomba anasema nina kichaa. Rafiki zangu wanasema nikioa mke atavichoma. Mimi najibu kwamba kuna watu wazima dunia nzima, madaktari, walimu, mafundi, wanaokusanya vitu hivi hivi. Wanajua kila kampuni inayovitengeneza. Kila mwaka unapokaribia kwisha wanangoja kusikia ni wanyama gani watatolewa mwaka unaofuata, na wanaandika orodha za wale wanaowaomba, kama sisi tunavyoandika barua za maombi ya kazi. Wengi hawajibiwi, nao pia kama sisi. Mwaka unaofuata wanaandika tena.

Na mimi nina orodha yangu. Ndiyo iliyonikalisha chini kuandika haya. Lakini ili uielewe inabidi nikupeleke kwanza Olduvai, halafu Lindi, halafu Berlin, ndipo turudi hapa Karatu kwa mzee mmoja mchonga vinyago. Vumilia.

Mjomba wangu ni dereva wa watalii. Nilipomaliza shule nikawa nafuatana naye mara moja moja, kazi yangu kuosha gari na kubeba maboksi ya chakula. Siku hiyo tulikuwa na familia moja, baba, mama na kitoto cha kiume cha miaka kama saba hivi. Tangu tunapita geti la Lodoare yule mtoto hakuangalia nyati wala tembo. Alishika dinosaria wake wa plastiki, mwenye shingo ndefu, anamtembeza kwenye kioo cha gari. Kreta ya Ngorongoro nzima imelala pale chini, watu wanatoka ng'ambo kuja kuiona, yeye anamlisha mnyama wake majani ya miti inayopita!

Tukafika Olduvai. Mwongozaji wa pale akaeleza vizuri sana habari za Mary Leakey na lile fuvu alilolipata tarehe 17 Julai 1959, akaeleza na nyayo za Laetoli zilizofukuliwa mwaka 1978, za watu waliopita kwenye majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Alipouliza kama kuna swali, mtoto akanyanyua dude lake juu. Huyu amezikwa wapi?

Watu wazima wakacheka. Mwongozaji akamwambia kwa upole kwamba hapa hapana dinosaria. Miamba ya chini kabisa ya Olduvai ina miaka kama milioni mbili tu, na dinosaria walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Mtoto akaangua kilio. Akalia kweli kweli, mpaka mama yake akambeba kumrudisha garini.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na boksi la juisi na wala sikucheka. Nilikuwa najua kitu ambacho sikuweza kukisema kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: kwamba yule mnyama mkononi mwake amezikwa nchi hii hii, siku mbili tatu za barabara kutoka pale tuliposimama.

Kesho yake niliosha gari. Chini ya kiti cha nyuma, kati ya maganda ya karanga, nikamkuta amelala kiubavu. Wenyewe walikuwa wameshapaa kutoka KIA. Mjomba akasema mpeleke ofisini, watajua namna ya kumtuma. Nikasema nitapeleka, mjomba. Ni yule namba 9 kwenye boksi langu. Nitarudi kwake baadaye, maana ananisuta.

Ukimgeuza, tumboni kumeandikwa Brachiosaurus, na chini yake kwa herufi ndogo, China. Basi. Na hilo jina ndilo lililonipeleka kwenye historia.

Mifupa ya kwanza ya Brachiosaurus ilichimbwa Colorado, Marekani, mwaka 1900, na aliyempa jina ni Elmer Riggs, mwaka 1903. Kwa hiyo jina ni la Kimarekani halali kabisa, sina ugomvi nalo. Tatizo ni kwamba Riggs hakupata kichwa. Alipata paja, mkono, mbavu, pingili kadhaa za mgongo, basi. Ukitaka kumtengeneza mwanasesere mwenye kichwa, na mtoto gani atanunua asiye na kichwa, utakipata wapi?

Utakipata Tendaguru.

Tendaguru ni kilima katika mkoa wa Lindi, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kwenye nchi ya Wamwera. Mwaka 1906 mhandisi mmoja wa madini, Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa umetokeza kwenye njia. Wazungu wa wakati ule wakiandika "aliona" wana maana yao. Wenyeji walikuwa wanaiona mifupa ile kila siku wanapokwenda shamba. Mwaka 1907 akaja mtaalamu kutoka Stuttgart, Eberhard Fraas, akathibitisha kwamba ni dinosaria, na mwaka 1909 makumbusho ya Berlin yakaleta msafara mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Walichimba mpaka mwaka 1913.

Nimesema walichimba. Samahani. Waliochimba ni watu wa Lindi. Mamia yao, Wamwera, Wayao, Wangindo, Wamakonde, na walikuwa wametoka kwenye Vita vya Maji Maji juzi tu, vita ambavyo viliacha nchi yao na njaa ya kuua. Punda na farasi hawakufaa kule kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo mifupa ilisafirishwa kwa kichwa na kwa bega. Zaidi ya tani 200. Kila mfupa unafungwa, unatiwa kwenye kasha au unaviringishiwa plasta, unabebwa kwa miguu siku tatu nne mpaka bandarini Lindi, halafu mpagazi anageuka kwenda kuchukua mwingine. Nimewahi kubeba gunia la mahindi kutoka Rhotia mpaka njia kuu, na siku hiyo niliapa sirudii. Kwa hiyo naisoma habari hii kwa mabega yangu, siyo kwa macho tu.

Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Shika jina hilo.

Berlin, Janensch akakaa na mifupa ile miaka na miaka. Mwaka 1914 alitangaza kwamba yule mkubwa wa shingo ndefu ni ndugu wa yule wa Colorado, akamwita Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkuu wa makumbusho. Mwaka 1937 akasimamishwa ukumbini mzima mzima, na kichwa chake, tena kichwa kizuri chenye upinde wa pua juu ya paji, na leo kimo chake ni mita 13.27. Ndiye mwenye mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani kwa kimo.

Sasa fikiria wewe ni mchoraji wa Uingereza au mtengeneza filamu wa Hollywood, unataka kumchora Brachiosaurus. Wa Colorado ni vipande. Wa Berlin amesimama pale na kichwa chake. Utamchora yupi? Basi karibu kila Brachiosaurus uliyemwona utotoni, kwenye kitabu, kwenye daftari lenye picha, hata yule anayenyoosha shingo kula majani kwenye Jurassic Park ya mwaka 1993, ambayo kaka zetu waliiona kwenye vibanda vya video, umbo lake limetoka Tendaguru. Anavaa jina la Marekani, uso ni wa Lindi.

Wataalamu wenyewe walikuja kugundua kosa. Gregory Paul alianza mwaka 1988 kusema hawa wawili hawafanani kiasi hicho, akaleta jina Giraffatitan, yaani twiga wa ajabu kwa ukubwa. Mwaka 2009 Michael Taylor akapanga mifupa yote miwili kiungo kwa kiungo na kuonyesha kwamba tofauti ni nyingi mno kuwaweka chini ya jina moja. Tangu hapo wa Tendaguru ni Giraffatitan brancai. Lakini kalibu za plastiki hazisomi majarida ya sayansi. Kalibu ikishachongwa kwenye chuma kwa gharama kubwa, itatumika mpaka ichakae, na jina lililo tumboni litazaliwa hivyo hivyo kila siku, maelfu kwa maelfu.

Utaniuliza, wewe wa Karatu yanakuhusu nini ya Lindi? Nilijiuliza hivyo pia, mpaka nilipokutana na jina la Hans Reck. Huyu ndiye aliyesimamia Tendaguru mwaka 1912 baada ya Janensch na Hennig kuondoka. Mwaka 1913 akapanda kaskazini, akaja wapi? Olduvai! Alichimba akapata mifupa ya wanyama wengi na ya binadamu mmoja, na mizigo ikaenda Berlin kule kule. Na Louis Leakey, ambaye huku kwetu kila mwongozaji analijua jina lake kuliko la babu yake, kazi yake ya kwanza ya mifupa ilikuwa Tendaguru. Mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka 20, alikwenda na msafara wa Waingereza chini ya William Cutler. Cutler alifia Lindi mwaka 1925 kwa malaria. Leakey akaja Olduvai mwaka 1931, na pamoja naye alikuwa huyo huyo Hans Reck, sasa kama mgeni wake.

Kwa hiyo njia ya mifupa kutoka Lindi mpaka Ngorongoro ipo, na watu wale wale waliipita. Yule mtoto hakukosea sana.

Tuje kwenye vinyago sasa. Biashara ya dinosaria wadogo ni ya zamani kuliko mifupa yetu. Huko London mwaka 1854 Waterhouse Hawkins alijenga masanamu makubwa ya dinosaria katika bustani ya Crystal Palace, na baadaye vidogo vyake vikauzwa kwa ajili ya kufundishia. Miaka ya 1950 Louis Marx wa Marekani akamwaga wa plastiki madukani kwa bei ya chee. Miaka ya 1970 kampuni ya Invicta ya Leicester ikashirikiana na makumbusho ya London kutoa wa rangi moja, wenye vipimo vya kuaminika. Mwaka 1988 Safari Ltd na makumbusho ya Carnegie wakaanza mfululizo uliodumu mpaka 2015. Hao ndio waliowafundisha wakusanyaji kudai kipimo kimoja, 1 kwa 40, ili ukiwapanga mezani ujue nani mkubwa kwa nani.

Na nani anachaguliwa kutengenezwa? Anayeuzika. Tyrannosaurus kila mwaka, kama kitumbua. Triceratops. Stegosaurus. Hata sisi wenyewe, msomaji! Mwaka 1991 Tanzania ilitoa stempu za dinosaria, na kwenye stempu hizo utamkuta Stegosaurus wa Marekani ametulia juu ya jina la nchi yetu, wakati Kentrosaurus, binamu yake mwenye miiba mpaka mabegani, amechimbwa Lindi kwa mamia ya mifupa. Afadhali wenye plastiki. Kentrosaurus wamewahi kumtoa, Schleich wa Ujerumani na CollectA pia. Nasi tunamshukuru Mungu kwa huyo mmoja.

Orodha yangu, basi. Wa kwanza ni Giraffatitan kwa jina lake, mkubwa, sentimita 33 kwa kipimo cha 1 kwa 40, hazidi rula ya shule kwa urefu wa kidole. Wapili ni Nyasasaurus. Mifupa yake ilikusanywa miaka ya 1930 karibu na Ziwa Nyasa, ikalala kabatini Uingereza, na ilipotangazwa rasmi mwaka 2013 ikasemekana huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu sana, miaka kama milioni 243. Ni vipande vichache tu, mkono na pingili, na hapo ndipo kampuni zinapoogopa, maana mchongaji wake itabidi abuni karibu kila kitu.

Halafu wale wenye majina ya kwetu. Hapa nitajivuna kidogo. Shingopana, wa Songwe, aliyetangazwa mwaka 2017. Huyu hahitaji mkalimani. Asilisaurus kongwe wa mwaka 2010, ingawa huyo wataalamu wanamweka nje kidogo ya uzio wa dinosaria wenyewe. Na kipenzi changu, Mnyamawamtuka moyowamkia, mwaka 2019. Alipatikana kwenye mto Mtuka, bonde la Rukwa, na pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia! Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani ni mstari wa shairi. Nafikiria mtoto wa Chicago amekaa sakafuni anajikunja ulimi kulitamka, kama mimi nilivyojikunja kwa Brachiosaurus.

Majina ya zamani yana harufu nyingine. Yule mdogo mwenye mbio wa Tendaguru, Dysalotosaurus, aliitwa lettowvorbecki mwaka 1919, kwa heshima ya jenerali Lettow-Vorbeck, ambaye katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi wa nchi hii walikufa kwa maelfu wakibeba mizigo ya jeshi lake na ya maadui zake. Watu wa Lindi wabebe mifupa, halafu wabebe risasi, halafu mfupa upewe jina la mwenye risasi. Huyu naye namtaka kwenye orodha, siwezi kumnyima kosa ambalo si lake. Lakini tumboni nitamkwangua.

Wataalamu wa siku hizi wameanza kurekebisha. Mwaka 2007 mmoja wa wanyama wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 mwingine aliitwa Wamweracaudia keranjei, mkia wa Wamwera, na hilo la pili ni la Mohammadi Keranje, mmoja wa waliosimamia uchimbaji. Inachukua miaka mia moja jina la mtu kutoka kwenye daftari la mishahara kufika kwenye mfupa. Kufika kwenye plastiki itachukua mingapi?

Kuhusu kuirudisha mifupa yenyewe, suala limeulizwa mpaka bungeni Dodoma na maneno yamekuwa mengi. Wengine wanataka mjusi arudi kesho, wengine wanasema hatuna pa kumweka, bora tupewe fedha za kuchimba wengine. Mimi nataka arudi. Lakini kila nikifungua mdomo kuwasema Wajerumani, namba 9 ananitazama kutoka kwenye boksi. Mtu amesahau kitu chake nchini kwa wenyewe, aliyekiokota amekiweka kwake, anakipenda, anakitunza vizuri, anasema mwenyewe yuko mbali na hata hivyo hajaja kukidai. Sijui niendelee?

Sasa mzee. Barabara ya kwenda getini ina maduka ya vinyago, twiga kwa mamia wamesimama nje kama foleni ya mgao wa sukari. Katika moja yupo mchongaji Mmakonde, ametoka Newala siku nyingi. Nilimwendea na namba 9 mfukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeleta nini?"

Nikamwonyesha. Akamgeuza, akamnusa, wazee wa mbao wananusa kila kitu. Akauliza, huyu ni mjusi? Nikamwambia ndiye mjusi wa Tendaguru. Akanyamaza. Kumbe kule kwao habari za mjusi anazijua tangu utoto, bibi yake alikuwa na ndugu zake upande wa Lindi waliosimulia kwamba Wajerumani walipeleka mifupa ya zimwi. Akamnyanyua tena kwenye mwanga.

"Huyu si mjusi," akasema. "Huyu ni twiga aliyekosea mkia."

Nilitaka kumkumbatia. Mtaalamu amelitafuta jina hilo mwaka 1988, mzee amelipata kwa dakika moja na wala hajasoma.

Nikamwomba amchonge, sentimita 33. Akakataa. Hatauzika, akasema, watalii wanataka Big Five, na mti utapotea bure. Pia shingo: ukiichonga imelala kama mkia wa mjusi itavunjika begani, lazima nyuzi za mti zipande nayo juu. Tukabishana habari za shingo saa nzima, na mtu anayebishana na wewe saa nzima juu ya kazi ameshaikubali. Nikatoa elfu 20, nusu ya malipo, na nusu nikaahidi mwisho wa mwezi.

Halafu nikamwambia lile lililonileta hasa. Wakusanyaji hupenda kuweka kando ya mnyama mtu mdogo, ili jicho lipime ukubwa. Mtu huyo katika picha za vitabuni mara nyingi ni Mzungu wa kofia. Ndiyo ombi langu la mwisho kwenye orodha na ndilo la kwanza moyoni: siku kampuni yoyote itakapomtoa Giraffatitan, mtu wa kupimia awe Boheti bin Amrani, na nyuma yake mpagazi mwenye kasha kichwani. Kwa 1 kwa 40 ni sentimita 4 na kidogo, urefu wa njiti ya kiberiti. Haiwezi kuwagharimu plastiki nyingi. Mpaka hapo watakapofanya hivyo, nilitaka mzee anitangulizie.

Lazima niseme pia, nina riwaya. Daftari tatu. Ni ya mpagazi wa Tendaguru, na miezi minane sasa amesimama ukurasa wa 40 hatembei, kwa sababu simwoni. Najua mzigo wake una kilo ngapi, simjui yeye amevaa nini shingoni, anautegeaje mwili asianguke.

Mzee akauliza, "Huyo Boheti alikuwaje?" Nikasema zipo picha za msafara, nitatafuta. Akasema tafuta, ila huyu wa mzigo hahitaji picha. Akasimama pale dukani, akachukua gogo la mninga akaliweka kichwani, akaenda mpaka mlangoni na kurudi. Hakutembea kama mtu aliyebeba. Alitembea kama anayeogopa kumwaga maji, magoti yamelegea, shingo peke yake ndiyo haicheki.

"Babu zetu walitembea hivi," akasema, "la sivyo uti unakwisha."

Usiku huo niliandika kurasa sita.

Wiki iliyopita nimekwenda kumwona. Mjusi amesimama, shingo juu, mguu mmoja wa nyuma bado haujapigwa msasa. Mpagazi amekwisha. Ni mdogo kiasi kwamba mzee anamhifadhi kwenye kiberiti asipotee. Mtalii mmoja, mama wa makamo, alikuwa ameshauliza bei akidhani ni twiga, na mzee alimjibu kwamba huyu ana mwenyewe. Akanipa msumari wa moto niandike jina tumboni kabla ya kupaka nta. Nikakaa na ule msumari mpaka ukapoa. Brachiosaurus siyo. Giraffatitan brancai ni sahihi, lakini huyo Branca hakubeba hata kidole cha mguu. Mzee akaurudisha msumari kwenye makaa, akanikabidhi tena. Nikaandika TENDAGURU, herufi zimepinda kidogo kwenye G.

Nimebakiza elfu 20 yake. Na kesho asubuhi, kabla mjomba hajaondoka, nitamuuliza kama ile ofisi bado inayo anwani ya familia ile.